Viti Vyote vya Mama Chebet

Tangu nistaafu, mkono wangu wa kulia hushona usingizini. Mume wangu ndiye aliyeniambia. Anasema alfajiri, ukungu ukiwa bado umefunika mashamba ya chai hadi kwenye ngazi ya mlango wetu, mkono unatoka ndani ya blanketi, unavuta uzi mrefu, unaukaza, unarudi. Nimemwambia asiuguse. Auache umalize kazi yake.

Vijana wa shedi, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ya viti vya magari ilivyokuwa kabla yenu. Najua mlitaka pia niseme nilivyopata shedi yangu na wateja wakubwa. Hayo nitayaruka. Hayana utamu, na mengine mtayaona wenyewe. Nitawaandikia habari za aina moja ya gari, lile la familia ambalo kila mtu huku kwetu analijua, lenye nguvu ya kupanda vilima na nafasi ya watoto, mitungi ya maziwa na shangazi mmoja ambaye hakualikwa. Limebadilika sura mara kadhaa nikiwa kazini, na kila sura mpya ililetwa kwangu na mtu yule yule akiwa na ombi lile lile: nimtengenezee mke wake kiti ambacho angeweza kukalia bila kutapika.

Lakini kwanza siku yangu ya kwanza. Baba yangu alitoka kule ziwani kuja kufanya kazi ya boila katika kiwanda cha chai, nami nikakulia hapa Mogogosiek, Mjaluo anayesikia Kipsigis nusu na kujibu robo. Nilipomaliza shule baba alinipeleka kwa Mzee Langat, aliyekuwa akishona turubai za malori ya majani chai na viti vya magari. Mzee Langat hakupenda maneno mengi. Alikuwa na sindano ndefu iliyopinda, nayo muda mwingi ilikuwa mdomoni mwake, kwa hivyo hata machache aliyosema yalitoka yakiwa yamebanwa.

Asubuhi hiyo alikuwa ameinua kitambaa cha kiti kwa mikono miwili. Akanipigia kelele, "Wewe Adieno! Kimbia uniletee kunti! Haraka!"

Kwa masikio yangu alitaka kundi. Nilikimbia hadi stendi nikarudi na wabeba mizigo wote niliowakuta, wamekunja mikono ya mashati, tayari kuinua chochote. Mzee Langat alitutazama mlangoni, kitambaa bado kikiwa hewani.

"Hawa ni nani?"

"Ni kundi, Mzee."

"Kunti! Kunti ya kupantika!"

Mkebe wa gundi ulikuwa chini ya meza, karibu na mguu wake. Wabeba mizigo walicheka hadi mmoja akakaa chini, na kwa muda mrefu baada ya hapo niliitwa Kundi katika soko lote. Nilichojifunza siku hiyo nawaachia na nyinyi: kabla hujasikiliza mteja anasema nini, tazama ameshika nini.

Somo lake la pili lilikuwa la kukaa. Hakuruhusu mtu afungue kiti kabla ya kukikalia kwanza, macho yamefungwa. Unakaa mpaka unajua mwenye kiti anaegemea upande gani, mguu gani unamuuma, kama ni mtu wa kukaa mbele ukingoni akiwa na wasiwasi au wa kuzama ndani. Sponji huweka yote hayo. Mvua ya alasiri ya huku kwetu haikosi, na ilipoanza kupiga mabati nilikuwa nikiingia ndani ya gari la mtu, nafunga milango, nafumba macho, harufu ya chai inayokaushwa kiwandani ikipenya kwenye nyufa za mbao. Nilijiona niko barabarani. Nimefika mbali sana katika magari yaliyokuwa yamewekwa juu ya mawe bila magurudumu. Nyinyi mlipokuwa mkinikuta nimelala kitini mlidhani ni uvivu, na labda siku nyingine ulikuwa uvivu.

Sura ya kwanza ya gari lile watu waliiita Sanduku. Lilikuwa na pembe nne, taa za mviringo, na gurudumu la akiba lililobebwa mgongoni. Springi zake zilikuwa vyuma vilivyolaliana, zile zile za malori, na kila jiwe la barabara ulipata habari zake. Nyuma kulikuwa na mabenchi mawili yaliyotazamana. Abiria walisafiri goti kwa goti, wakiangaliana hadi maneno yakaisha.

Mwalimu Koech alilileta Sanduku lake shedini siku hizo akiwa bado kijana, mwalimu wa shule ya msingi mwenye shamba la chai nyuma ya kanisa. Alishuka yeye, kisha baada ya muda tukamwona mke wake anakuja kwa miguu, barabarani, viatu mkononi. Huyo ndiye Mama Chebet. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye nguvu, anayebeba kikapu cha majani hadi kituo cha kupimia bila kutua. Gari tu ndilo lililomshinda.

"Anatapika," Mwalimu alisema, akinong'ona kama mtu anayetaja deni. "Tukitoka hapa kabla hatujafika mahali popote, anatapika. Mimi nafikiri ni mawazo. Akiacha kufikiria, itaisha."

Mama Chebet alikuwa amefika na alisikia. "Si mawazo," akaniambia mimi, si yeye. "Kari ikianza, tumbo inaenda nyuma, kichwa inaenda mbele. Mimi nabaki katikati, sina mtu."

Nilimpenda hapo hapo. Mzee Langat alitoa sindano mdomoni, akasema ni makosa kumkalisha mtu ubavu, na tukamtoa kwenye mabenchi ya nyuma. Tulimjengea kiti cha mbele kushoto. Siku hizo ulianza na springi, juu yake gunia, juu yake nyuzi za makumbi ya nazi, kisha pamba, kisha kitambaa cha mirabamiraba. Nilikikalia mimi, macho nimefumba, nikaona ni kizuri. Mama Chebet alikikalia hadi geti la kiwanda, ambalo zamani alikuwa akishindwa kabla ya kulifikia, na hapo akaomba kushuka. Mwalimu alikuja kutushukuru. Alisema tumesogea mbele.

Hivyo ndivyo kazi hiyo ilivyoanza, na haikuisha nikiwa na mikono yenye nguvu. Mama Chebet aliishi kwa miguu. Alienda kanisani kwa miguu, sokoni kwa miguu, na kwa wazazi wake, ng'ambo ya bonde, alikata njia katikati ya mashamba ya chai akafika wakati Mwalimu bado anazunguka na barabara. Mahali ambapo miguu haikufika, hakufika. Harusi za Bomet aliletewa picha. Hakulalamika, ila nilimwona akizitazama zile picha, kidole kikipita juu ya watu mmoja mmoja, na niliumia.

Sura ya pili iliitwa Yai. Pembe zote zilikuwa zimesuguliwa zikaisha. Springi za vyuma vilivyolaliana ziliondoka, zikaja zile zilizoviringishwa, na ndani viti vilikuwa vya kitambaa laini chenye manyoya, unapitisha kiganja na rangi inabadilika. Mzee Langat hakulipenda. Alisema gari limekuwa kitanda. Wakati huo macho yake yalikuwa yanapungua na mimi ndiye niliyekuwa nikikata vitambaa, yeye akivishika kwa vidole na kuniambia nimekosea wapi.

Sisi sote tulidhani ulaini ndio dawa. Kumbe ulaini ulikuwa mbaya zaidi. Sanduku lilimpiga Mama Chebet, lakini Yai lilimbembeleza, likayumba kwenye kona, likainuka na kushuka pole pole, na kubembelezwa huko kulimwangusha kabla ya geti la kiwanda. Tukarudi nyuma tulikotoka. Niliondoa sponji laini nikaweka ngumu. Nikainua mbele ya kiti, nikashusha nyuma.

Kisha yeye mwenyewe akasema ni harufu. Magari mapya yana harufu ya gundi na plastiki, na Mwalimu alikuwa ametundika kile kimti cha manukato kinachonuka peremende. Mama Chebet alisema hakuna kitu kinachotuliza tumbo lake kama harufu ya sotet, kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, kikishasuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Kwa hivyo tulilifanya lile gari kibuyu. Msicheke. Tulichoma vijiti vya senetwet, tukaweka makaa kwenye sufuria kuukuu juu ya mabati, tukafunga vioo vyote na moshi ukalala ndani kuanzia asubuhi hadi mvua ilipokuja. Mzee Langat alikaa nje kwenye kibao, akinusa kwa mbali, akiwa ameridhika kuliko nilivyowahi kumwona.

Gari lilinukia maziwa mwaka mzima. Kila aliyepewa lifti alishuka akiwa na kiu. Mama Chebet alifika Kericho mjini kwa mara ya kwanza maishani mwake, akatapika mbele ya hoteli moja nzuri sana, akarudi akiwa na furaha kubwa. "Lakini niliiona Kericho, Fundi," akaniambia. "Niliiona nikiwa nimeinama, lakini niliiona."

Mzee Langat alifariki Yai likiwa bado barabarani. Alikuwa ameniachia sindano zake zote. Sindano ile iliyopinda nimeitumia hadi siku yangu ya mwisho, na bado siwezi kuandika juu yake zaidi ya hapo.

Sura ya tatu ndiyo iliyotuamsha sisi mafundi. Watu waliiita Bangalo, kwa sababu ilikuwa na safu tatu za viti, taa za dari na mahali pa kuweka vikombe pengi kuliko vikombe tulivyo navyo nyumbani. Safu ya nyuma ililala chini ya sakafu ukivuta kamba. Lakini shida ilikuwa kwenye viti vya mbele. Ubavuni mwa kila kimoja kulikuwa na lebo ndogo, na nyuma yake mfuko wa hewa uliokunjwa, unaongoja ajali ili uruke. Mafundi wengi walishona kava zao juu yake, nzito, mshono mara mbili, vizuri kabisa, na hivyo wakaufunga mfuko uliowekwa kumwokoa mwenye gari. Upande ule huachwa wazi au hushonwa kwa uzi dhaifu unaokatika. Na msichomoe waya wowote wa njano chini ya kiti kabla ya kutoa betri. Mimi nilimwona mtu aliyechomoa, mfuko ukamlipukia, na alipona, ila hakuongea hadi jioni.

Kiti cha abiria pia kilijua kupima uzito. Mwalimu akiweka begi la unga pale mbele, gari lililia likitaka begi lifunge mkanda. Alinielezea jambo hilo kwa hasira sana. Wakati huo alikuwa mwalimu mkuu na hakuzoea kuamrishwa.

Ni katika miaka ya Bangalo Chebet alipoolewa. Ni binti yao wa pekee, na aliolewa kwetu, upande wa ziwa, karibu na Ahero, na kijana mpole anayelima mpunga. Wenyeji walinisema chini chini kana kwamba mimi ndiye niliyepanga. Koito, ile sherehe ya uchumba, ilifanyika huku juu, nyumbani kwa bibi harusi, kama inavyotakiwa, na Mama Chebet aliisimamia yote kwa miguu yake. Lakini binti akishaenda, mama naye hutamani kuona anakolala. Hataki mengi. Anataka tu kuona jiko limekaa upande gani, maji yanatoka wapi, kuna kivuli au hakuna. Mama Chebet alikuwa akinisimulia nyumba ya binti yake bila kuiona, jinsi anavyoiona akifumba macho, na mimi ninayejua kule chini nilikuwa nikimrekebisha kidogo. Hapana, ukungu hakuna. Asubuhi ni jua moja kwa moja. Ndege ni weupe, wanatembea ndani ya mpunga. Alikuwa akifumba macho tena, akiwaingiza wale ndege kwenye picha yake.

Nilimshonea kiti cha ngozi chenye shingo ya kuzuia kichwa kisiyumbe, na siku moja tukajaribu. Mimi nilikaa nyuma. Mwalimu aliendesha kama anavyoendesha siku zote, mkono mmoja, akiwahi kona kabla kona haijamwahi. Mama Chebet aliifikia Kericho akiwa ameuma meno. Tukapita mji, tukapita Kapsoit, na mbele kidogo, mahali barabara inapoanza kuteremka na nchi yote ya chini inafunguka, aligonga kioo kwa vidole.

Baada ya kutapika alikaa juu ya jiwe kando ya barabara. Kule chini kulikuwa na joto lenye rangi ya maziwa, na mashamba, na mbali kabisa kitu kinachong'aa.

"Ni hapo?" aliniuliza.

"Ni hapo, Mama. Chini ya yale mawingu."

Alitazama kwa muda mrefu hadi Mwalimu akaanza kutembea huku na huku. Kisha akajipangusa uso kwa shuka.

"Basi nimepaona," alisema. "Turudi."

Kurudi ni njia ile ile, na tumbo ni lile lile. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Chebet ndiye aliyekuwa akipanda kuja. Miaka ikapita hivyo, binti akipanda, mama akingoja getini. Hakujaliwa mtoto. Mara mbili mimba ilishika na mara mbili ikatoka, na mara zote mbili Mama Chebet alizipata habari kwa simu, amesimama katikati ya michai, peke yake.

Kisha ikaja sura ya nne, haibridi, ya petroli na betri pamoja, na watu waliiita Kimya. Unaiwasha na haisemi kitu. Nililetewa ya kwanza nikamwambia mwenyewe imekufa. Betri yake kubwa inakaa chini ya kiti cha nyuma, na ubavuni mwa kiti hicho kuna kidirisha chenye nyavu ambapo betri inavuta pumzi. Hapa kwetu kila mama ana vitambaa vya kufuma, vya makochi, vya meza, vya redio, na gari likiwa zuri nalo linavikwa. Nimeitwa mara nyingi kutazama Kimya iliyozima mlimani, nikakuta kitambaa cheupe chenye maua kimeziba kile kidirisha, betri inakosa hewa. Mwambieni mteja kwa upole. Amekifuma kwa mapenzi.

Mwalimu alikuwa amestaafu aliponunua Kimya. Aliileta akiwa na matumaini ya kijana: haina kelele, haina moshi, haina mtikisiko. Nami niliamini. Niliwaza labda miaka yote tulikuwa tunangoja gari hili. Mama Chebet alikalia kiti cha mbele, likaondoka bila sauti, na kabla ya geti la kiwanda alitapika bila sauti.

Mwezi huo huo Chebet alipiga simu. Mimba ilikuwa imeshika tena, na daktari alikuwa amemwambia alale. Asitembee, asipande gari, asije huku juu, hadi siku ya kujifungua. "Mama, safari hii nakutaka hapa," alisema. Mama Chebet alinirudilia maneno hayo shedini, akiwa amesimama mlangoni na matone ya mvua kwenye leso yake.

"Fundi, nitaenda kwa miguu," alisema.

"Mama, ni mbali."

"Najua ni mbali. Nilikaa kwa jiwe nikaiona."

Nilimwambia anipe siku chache. Sikuwa na wazo lolote. Nilikishona kiti kile cha mbele upya nikijua nakishona bure, na mvua ilipotulia nikakipeleka kwao mwenyewe ili nikifunge. Njia ya kutoka nyumbani kwao hadi barabara kubwa inapita kati ya michai, na udongo wake mwekundu ukinywa maji unashika. Mwalimu alikuwa akitoa gari ili nipate nafasi ya kufanya kazi, na likazama hapo, magurudumu yakizunguka pole pole bila aibu.

Alikata majani, akaweka chini ya magurudumu. Haikutosha. Tulihitaji watu wawili wa kusukuma, na watu walikuwa watatu.

"Wewe kaa hapo," alimwambia mkewe. "Shika tu stelingi iende straight. Nikisema, kanyaga hiyo ya kulia kidogo. Usiguse kitu ingine."

Mama Chebet akapanda. Tukasukuma, mimi na Mwalimu, mabega chini. Mwalimu akapiga kelele, gari likatoka ghafla na sisi tukalala matopeni. Nilipoinua uso, Kimya ilikuwa inaenda. Haikusimama. Iliteremka ile njia bila sauti yoyote, katikati ya majani mabichi yanayometameta, ikapinda kona vizuri, ikapotea. Kwa muda kidogo nilifikiri naota. Mwalimu akaanza kukimbia na gambuti zake.

Tulimkuta kwenye kituo cha majani, mahali penye uwanja mpana. Alikuwa amesimamisha gari, mikono yote miwili bado kwenye stelingi, anatazama mbele.

"Umeumia?" Mwalimu alihema.

Alinigeukia mimi. "Fundi, kuja uniangalie uso."

Nikamwangalia.

"Niko aje?"

"Uko sawa, Mama. Uko sawa kabisa."

"Sijasikia kitu," alisema kwa sauti ndogo. "Tumbo imenyamaza. Imenyamaza, Fundi."

Mwalimu alisema ni kwa sababu ya mshtuko. Alimwambia ahamie upande wa pili, akaingia yeye, akageuza gari kurudi nyumbani. Hatukumaliza ile kona. Mama Chebet alifungua mlango na kuinama juu ya michai, na alipoinua kichwa alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, anacheka.

Nilikaa kiti cha nyuma na matope yangu, nikaanza kuvihesabu viti. Katika sura zote za gari lile nilikuwa nimemshonea kiti cha mbele kushoto. Nilikuwa nimefikiria cha kati, na cha nyuma, na hata kumlaza. Kiti cha dereva nilikuwa nikikishona kila mara pia, kwa mgongo mrefu wa Mwalimu, bila hata kuuliza. Hakuna mtu aliyemkataza Mama Chebet kukikalia. Hakuna mtu aliyekitaja.

Mwalimu alibisha, lakini kwa wiki moja tu. "Mtu wa umri huu anaenda driving school?"

"Umri huu ndio niko nao," Mama Chebet alisema.

Alijifunza kwa mwalimu wa udereva kutoka Silibwet, kijana mchangamfu aliyemwita Mathee, kwa lugha ya vijana, hadi alipoambiwa aache. Alifaulu, leseni ikatoka, picha yake ikiwa imekunja uso. Nami nikafanya kazi ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikitoa kiti cha dereva nikakikalia kwanza, macho nimefumba, nikamsikia Mwalimu ndani yake, mrefu, anaegemea kulia, mtu asiye na shaka na barabara. Kisha nikamtoa. Nilijaza pale alipopazamisha, nikainua sehemu ya kukalia, nikaleta mgongo mbele, nikaacha wazi ubavu wa mfuko wa hewa. Nilipofumba macho mara ya pili aliyekuwa amekaa hapo alikuwa mtu mfupi, mnyoofu, ametazama mbele.

Tuliondoka siku ya jua. Mama Chebet kwenye stelingi, Mwalimu kushoto kwake, mimi nyuma na maziwa na matandiko ya mtoto. Mashamba ya chai yalipita taratibu, kijani kimelala juu ya kijani, na wachumaji waliinua vichwa kututazama. Sijui kama niliwahi kuona barabara ile kabla ya siku hiyo. Mwalimu hakuiona kabisa. Alikuwa anatazama mikono ya mkewe, halafu kioo kidogo cha kompyuta ya gari, halafu mikono tena. "Punguza. Kuna lori. Indiketa. Punguza." Mama Chebet alisema ndiyo, Mwalimu, na akaendelea jinsi alivyokuwa akienda.

Baada ya Kericho maagizo yakapungua. Kapsoit tuliipita bila agizo lolote. Barabara ilipoanza kuteremka na kona zikaanza kufuatana, niliona shingo ya Mwalimu imelowa jasho.

"Simama," alisema.

"Kuna nini?"

"Simama tu, mama. Simama."

Alifika majanini kwa shida. Alitapika kama mtoto, mikono magotini, mgongo wake mrefu umepinda. Mama Chebet alizima gari, akashuka, akasimama kando yake na mkono mgongoni pake. Mimi nilibaki ndani, lakini kioo kilikuwa wazi na nilisikia.

"Kumbe ndiyo hii," alisema Mwalimu.

"Ndiyo hii."

"Miaka yote?"

"Miaka yote, Mwalimu."

Mwalimu alikaa chini palepale kwenye nyasi na mkewe akakaa naye, na malori yakawapita. Alipoweza kusimama, Mama Chebet alimwingiza garini, akamfunga mkanda kwa mkono wake mwenyewe, akamwambia atazame mbali, mbele, asitazame kitu cha ndani. Kisha akateremka na ule mlima pole pole sana, kona kwa kona, akipunguza mapema, akiongeza kidogo kidogo, jinsi mtu anavyoendesha akiwa amebeba mgonjwa anayempenda. Nimepanda magari mengi, na sijawahi kuendeshwa hivyo. Yeye pia hakuwahi.

Tulifika tumechelewa. Ndege weupe walikuwepo. Kitanda cha Chebet kilikuwa kimesogezwa dirishani ili aone geti, kwa kuwa hakuruhusiwa kuamka. Aliona gari likiingia bila sauti, akaona mlango wa kulia umefunguka na nani ameshuka, kisha wa kushoto. Alijiinua kwa kiwiko.

"Baba!" aliita. "Mbona umekaa kwa kiti ya Mama?"

Mwalimu alikuwa ameshika mlango, uso bado una rangi ya majivu.

"Nimekaa hapo leo tu," alisema. "Imenitosha."